Sumu Ile Ile, Chombo Kipya: Kwa Nini Vijana Wetu Wanavutwa na Sigara za Kielektroniki

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu wa madrasa na vijana, Katubuka, Kigoma)



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wetu mliokaa safu za nyuma, mada ya leo imebeba swali. Hatukukutana kuulizana kama sigara ina madhara, kwani hilo limeandikwa hata juu ya pakiti yake. Swali letu ni hili: Kwa nini kijana wa miaka 14 au 15, aliyesoma madrasa na kufundishwa shuleni kuwa tumbaku inaua, anakubali kutia mdomoni kifaa kipya kinachobeba sumu ile ile? Tusipolijibu swali hili kwa haki, makaripio yetu yatapita juu ya vichwa vya watoto kama upepo wa ziwani upitavyo juu ya mapaa ya nyumba zetu, na asubuhi kila kitu kitakuwa pale pale.

NI KITU GANI HIKI?

Wapo wazazi miongoni mwetu ambao wanaweza kukishika kifaa hiki mkononi na wasijue ni nini. Kimoja hufanana na kalamu, kingine na flashi ya kompyuta, kingine na kichupa cha manukato. Vijana hukiita vepu. Ndani yake mna betri, waya mdogo unaopata moto, na majimaji. Anayekitumia anapovuta, waya huyachemsha majimaji hayo yakageuka kuwa wingu, naye huliingiza wingu hilo mapafuni. Majimaji yenyewe aghalabu huwa na gliserini, kemikali nyingine iitwayo propilini glaikoli, vionjo vya matunda au peremende, na nikotini. Nikotini ndiyo dawa iliyomo katika jani la tumbaku inayomfanya mvutaji asiweze kuacha.

Kifaa cha namna tunayoiona leo kilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, ambaye mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Nia iliyotajwa ilikuwa kumsaidia mtu mzima aondokane na moshi. Hatuna ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wetu ni na mahali biashara ilikokipeleka kifaa hicho baadaye, yaani kwa watoto ambao hawakuwahi kuvuta chochote.

Watu wa Ujiji na pwani hii ya Tanganyika wasidhani kuwa jambo hili ni geni kabisa. Msafiri Mwingereza Richard Burton alifika Ujiji mwezi Februari 1858, na katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1860 alieleza jinsi wenyeji walivyotumia tumbaku. Mtu alibeba kibuyu kidogo au chungu kidogo chenye tumbaku, akaitia maji, akaikamua, kisha akamimina maji yale puani na kuibana pua kwa vidole au kwa kibanio cha chuma. Leo tukisimuliwa tunacheka. Lakini tazameni mwendo wake: palikuwa na kibuyu, palikuwa na kiko na ugoro, ikaja sigara ya pakiti, ikaja shisha, na sasa kimekuja kifaa cha betri. Chombo kimebadilika kila mara, na kila kizazi kimedhani kuwa kitu chake ni kipya. Kinachomfunga mtu hakijabadilika. Ni nikotini ile ile.

MAMBO YANAYOMVUTA KIJANA

La kwanza ni utamu. Wazee waliowahi kuvuta wanakumbuka sigara ya kwanza: kifua kiliwaka, macho yakatoa machozi, kikohozi kikawashika. Kikohozi kile kilikuwa mlinzi ambaye Mwenyezi Mungu amemweka mlangoni mwa mwili wa mwanadamu. Wako vijana wengi waliojaribu mara moja, mlinzi akawafukuza, wasirudi tena. Watengenezaji wa vepu walimwondoa mlinzi huyo. Kwanza walitia ladha ya embe, tikiti maji na mnanaa. Kisha, hasa baada ya kampuni ya Juul ya Marekani kuingia sokoni mwaka 2015, walichanganya nikotini na asidi inayoipunguzia ukali wake kooni. Hivyo mtoto huweza kuvuta nikotini nyingi bila ya kukohoa. Kichupa kimoja cha Juul kilichouzwa Marekani kilielezwa kuwa na nikotini inayokaribia ile ya pakiti nzima ya sigara 20.

La pili ni siri. Sigara humsaliti mvutaji, kwani harufu yake hubaki katika sare ya shule, katika nywele, katika kanzu. Mama alijua, jirani alijua, na aliyesimama naye safu moja msikitini alijua. Kifaa hiki huacha harufu ya pipi inayopotea upesi, nacho huingia katika mfuko wa suruali au katikati ya madaftari. Kijana aliyekuwa akizuiwa na haya mbele ya watu sasa hana tena kizuizi hicho. Hapo ndipo panapoonekana tofauti baina ya kijana anayewaogopa watu na kijana anayemcha Allah (s.w.) asiyefichwa jambo.

La tatu ni wenzake. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa wanafunzi wa Marekani mwaka 2021, sababu iliyotajwa na wengi zaidi ya kujaribu kwa mara ya kwanza ilikuwa kwamba rafiki anatumia. Iliyofuata ilikuwa udadisi, hamu ya kujua kikoje. Hayo hayahitaji Marekani kuyathibitisha. Nendeni kwenye kijiwe chochote, iwe cha bodaboda au cha kuangalia mpira, mtaona jinsi kitu kimoja kinavyozunguka mikono mitano. Kijana hakubali kwa sababu amekipenda kitu. Anakubali kwa sababu kukataa mbele ya wenzake kunamgharimu kuliko kuvuta.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa jambo hili katika hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimfananisha rafiki mwema na muuza miski, ambaye ukikaa naye hukosi harufu nzuri, na rafiki mbaya na mhunzi anayevuvia moto, ambaye atakuchomea nguo au utapata kwake harufu mbaya. Tuutafakari mfano huo mbele ya kifaa hiki. Kina harufu ya muuza miski na moto wa mhunzi. Ndiyo maana kinawapita hata watoto wenye akili.

La nne ni maneno kwamba kitu hiki si sigara. Kijana huambiwa kuwa hakuna moshi, kuna mvuke tu, kama mvuke wa maji. Si kweli. Wingu lile limebeba nikotini, vionjo, na chembechembe za madini zinazotoka kwenye waya wenyewe, yakiwemo nikeli na risasi. Waya ukipata moto kupita kiasi, huzalisha pia kemikali ziwezazo kusababisha saratani. Nayo nikotini inadhuru zaidi katika umri mdogo, kwa kuwa ubongo wa mwanadamu huendelea kukua hadi karibu miaka 25. Katika umri huo nikotini huufunga ubongo upesi, tena hudhoofisha uwezo wa kutulia, kukumbuka na kujifunza. Mzazi anayelipa ada na mwalimu anayehangaika na hifdhi wote wanaibiwa na kichupa hicho.

La tano ni uzito wa moyo, na hili linahitaji huruma zetu zaidi. Katika uchunguzi ule ule wa mwaka 2021, waliokuwa wakiendelea kutumia waliulizwa kwa nini hawaachi. Sababu iliyotajwa na wengi ilikuwa wasiwasi, msongo wa mawazo na huzuni. Huku kwetu pia wapo watoto wanaobeba mizigo wasiyoisema: anayesubiri matokeo ya kidato cha nne huku akijua kuwa nyumbani hakuna karo, ambaye baba yake yuko ziwani usiku kucha akitafuta dagaa na mchana amelala kwa uchovu, ambaye mama yake anatoka alfajiri kwenda sokoni na mawese na kurudi giza limeingia. Hatuwalaumu wazazi hao, kwani wanatafuta riziki ya halali. Tunasema tu kwamba baina ya Alasiri na Isha mtoto huyo ana saa tatu au nne zisizo na mtu wa kumuuliza habari zake, na anayemuuliza kwanza ndiye anayempata. Nikotini humpa faraja ya dakika chache, kisha yenyewe humletea wasiwasi mpya ikipungua mwilini, naye hudhani kuwa anatibiwa na kitu kinachomwongezea ugonjwa.

La sita ni kwamba kuna anayemtaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Muuzaji anayepoteza wateja kwa wingi huo lazima apate wengine wa kujaza nafasi zao. Hili si jambo la kudhaniwa. Nyaraka za ndani za kampuni ya R.J. Reynolds ya Marekani za mwaka 1984, zilizokuja kuwekwa hadharani, zilieleza wazi kuwa vijana ndio chimbuko pekee la wavutaji wa kujaza mapengo. Mwezi Desemba 2018 kampuni ya Altria, yenye kuuza sigara za Marlboro nchini Marekani, ilitoa dola bilioni 12.8 kununua asilimia 35 ya Juul. Mwaka 2022 Juul ilikubali kulipa karibu dola milioni 438.5 kumaliza madai ya majimbo zaidi ya 30 kuhusu namna ilivyowatangazia vijana bidhaa zake. Kijana anayedhani kuwa amechagua kwa hiari yake na ajue kuwa alikwisha kuchaguliwa kabla hajakiona kifaa chenyewe.

NYUDHURU MBILI

Udhuru wa kwanza ni kwamba madaktari wa Uingereza wameruhusu. Tuseme ukweli, kwani haki haitetewi kwa uongo. Ni kweli kwamba huko watu wazima waliokwisha kufungwa na sigara hushauriwa kuhamia kwenye kifaa hiki, kwa hoja kuwa madhara yake ni machache kuliko moshi. Lakini madaktari hao hao husema kuwa mtoto, na mtu asiyevuta, asikiguse. Serikali ya Uingereza yenyewe ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia na kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na miongoni mwa sababu zake ni jinsi zilivyoenea kwa watoto. Gongo la kumsaidia kiwete halimfai mwenye miguu mizima.

Tena mnunuzi hajui kilichomo. Katika mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, watu zaidi ya 2,800 walilazwa hospitali Marekani kwa kuungua mapafu, na 68 kati yao walikuwa wamefariki hadi Februari 2020. Uchunguzi ulionyesha kuwa wengi walivuta majimaji yenye dawa ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E, na mengi yalinunuliwa mitaani. Kama hayo yalitokea katika nchi yenye maabara kila mji, je, kichupa kinachopita mkono kwa mkono hadi Kigoma kimepimwa na nani?

Udhuru wa pili ni kwamba hakuna aya inayotaja vepu. Tumbaku nayo haikutajwa, kwani iliingia katika nchi za Waislamu karne nyingi baada ya Mtume (s.a.w.). Ilipoingia, wanazuoni walihitilafiana. Wapo walioiharamisha, na wapo walioiruhusu, kama Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Damascus aliyefariki mwaka 1731. Waliohitilafiana walihitilafiana juu ya madhara: je, yapo au hayapo? Leo madhara yamethibitishwa na tiba, na ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha. Misingi iko wazi. Qur'an (2:195) inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizo, (4:29) inatukataza kujiua, (7:157) inaeleza kuwa Mtume anahalalisha vilivyo vizuri na kuharamisha vilivyo vibaya, na (17:26-27) inawahesabu wafujaji wa mali kuwa ndugu za mashetani. Kitu kinachodhuru mwili, kinachofuja mali na kumfanya mtu mtumwa wa betri hakihitaji kutajwa kwa jina.

SHERIA PEKE YAKE HAITOSHI

Nchi yetu inayo Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003, inayokataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyo ilitungwa mwaka ule ule kifaa hiki kilipobuniwa, kabla hakijafika kwetu. Mwezi Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku ya shisha. Jirani zetu wa Uganda walikwenda mbali zaidi, kwani sheria yao ya mwaka 2015 ilikataza shisha na sigara za kielektroniki kwa pamoja. Tunaunga mkono hatua za namna hiyo, na tunawaomba viongozi wetu walifumbie macho hili wasije wakachelewa? La, wasilifumbie macho hata siku moja.

Hata hivyo, historia ya Uislamu yenyewe ina funzo. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Istanbul alipiga marufuku tumbaku, na adhabu yake ilikuwa kifo. Watu waliuawa, na bado uvutaji haukwisha. Upanga uliweza kuukata mkono, haukuweza kuikata hamu. Hamu hukatwa nyumbani na madrasa.

Tena inakatika. Mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu Marekani walisema wametumia kifaa hiki katika mwezi uliopita. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 7.8. Katikati ya miaka hiyo umri wa kuuziwa uliongezwa hadi 21, vionjo vingi vikazuiwa, na wazazi na walimu wakazinduka. Basi asikate tamaa mtu.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi. Siku utakapokiona kifaa hiki katika mfuko wa mwanao, kumbuka hadithi iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, kutoka kwa Abu Umama. Kijana mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume (s.a.w.) akamwita asogee karibu, akamketisha, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Kijana aliondoka bila ya hamu ile. Kwanza ukaribu, kisha maswali, kisha dua. Mwulize mwanao: Nani alikupa? Ulikuwa na nini moyoni siku ile? Ukianza kwa fimbo, utapata kifaa na utampoteza mtoto. Na baba anayemtuma mtoto dukani kumnunulia sigara ajue kuwa somo lake limeshasikika kabla hajafungua kinywa.

Kwa walimu wa madrasa. Jambo hili lipewe nafasi katika masomo, lielezwe kwa ukweli bila ya kutishana. Nazo saa zile baina ya Alasiri na Isha zijazwe kwa mpira, mashindano ya kusoma, au kazi za mikono chini ya kijana mkubwa mwenye tabia njema. Kijiwe hakishindwi kwa khutba, hushindwa kwa kijiwe kilicho bora zaidi.

Kwa wafanyabiashara. Faida ya kichupa kinachouzwa kwa mtoto wa mwenzako haina baraka. Leo ni mtoto wake, kesho aliye dukani kwa mwingine ni wako.

Na kwa nyinyi vijana. Aliyekwisha kuanza asidhani kuwa amepotea. Nikotini haidumu mwilini. Siku tatu za mwanzo ndizo ngumu, hasira na hamu zikawa nyingi, kisha shida hupungua katika wiki tatu hadi nne. Tazameni jinsi muda huo unavyolingana na mwezi wa Ramadhani. Aliyeweza kuacha kuanzia alfajiri hadi magharibi, kwa kuwa kuvuta kunabatilisha funga, amejithibitishia kuwa anaweza. Asikifungulie kinywa kifaa hicho baada ya futari. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, akae mbali na kijiwe kile kwa mwezi mmoja, na akishindwa aende kituo cha afya bila ya kuona haya. Kutafuta dawa ni Sunna.

Ndugu zetu, Qur'an (66:6) inatuamuru tuziokoe nafsi zetu pamoja na ahali zetu. Ahali hawaokolewi na mtu aliye mbali nao. Tukitoka hapa, kila mmoja wetu afike nyumbani kabla ya Isha, akae na mwanawe, na amuulize habari zake za leo.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu, wape marafiki wema, zipe nyoyo zao utulivu kwa kukukumbuka, na utujaalie tuwe karibu nao kabla ya adui hajawakaribia. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.